Mtego wa Boksi la Viatu

Pilipili hoho ishirini zilikuwa mezani, na Everlyn alikuwa akizipindua moja moja kuzikagua chini. Hoho yenye mafundo matatu, ukiikata katikati na kuichovya kwenye rangi, huacha karatasini alama ya jani lenye vipande vitatu, ambalo ndilo jani la Mtakatifu Patrisi wa Ayalandi. Yenye mafundo manne huacha jani la bahati njema, na Madam Belinda alikuwa amesema wazi kwamba mwaka huu hataki bahati, anamtaka Mtakatifu. Zilizofaa zilikuwa saba. Zile nyingine Everlyn alizibeba hadi jikoni akampa Rukiya, mpishi, naye akazikatia kwenye wali wa watoto bila kuuliza zilikuwa na kosa gani.

Chekechea yenyewe ilikuwa Dubai, mtaa wa Oud Metha, ghorofa ya chini, chini ya kliniki ya meno. Watoto walitoka nchi kumi na nne na hakuna hata mmoja aliyetoka Ayalandi. Ila Madam Belinda, mwenye chekechea, alikuwa na bibi wa huko aliyekufa zamani, na kwa heshima ya bibi huyo kila Machi maziwa yalitiwa rangi ya kijani, unga wa kuchezea ukawa wa kijani, na sahani za karatasi zikakatwa zikawa kofia. Madam aliyatoa mawazo kwenye mtandao. Mikasi aliishika Everlyn, kwa mwaka wa nne sasa, na vidole vyake vilikuwa na rangi iliyokataa kutoka hata kwa sabuni ya kufulia.

Kitu ambacho watoto walikipenda kuliko vyote ni mitego. Huko Ayalandi, ndivyo walivyofundishwa, wako watu wadogo wa urefu wa shubiri, mafundi viatu, wanaovaa kofia za kijani na kuficha dhahabu. Basi kila mtoto huja na boksi la viatu kutoka nyumbani, akalibandika pamba za mawingu na ngazi ya vijiti vya aiskrimu, akatia sarafu za chokoleti ndani, akaandika kibao cha kumwita huyo fundi. Kesho yake maboksi hukutwa matupu, na sakafuni kuna nyayo ndogo za kijani kutoka dirishani hadi mlangoni. Nyayo hizo Everlyn ndiye aliyezipiga kila mwaka kwa ubavu wa ngumi na ncha za vidole, kabla ya kukimbilia basi la kurudi International City alikoishi. Watoto hupiga kelele, hurudishiwa chokoleti zao wakala, khalas, yamekwisha.

Mwaka huo ngazi ya Raghad ilianguka. Raghad alikuwa na miaka minne na hakuwa mtoto wa kulia ovyo, lakini alilia, akamshika Everlyn aproni.

"Auntie, nitengenezee unaokamata kweli."

Hapo ndipo Everlyn alipokosea, na hakujua kwamba anakosea. Baba yake, Mzee Elphas wa kule Vihiga, alikuwa mtegaji wa fuko. Fuko walipoingia kwenye viazi vitamu vya watu, aliitwa, akaja na fito zake begani, akapekua shimo, akapinda ufito, akafunga tanzi, akaondoka. Jioni alirudi na mkia kama ushahidi. Everlyn alikuwa kifungua mimba wake, na tangu akiwa na miaka sita ndiye aliyembebea kamba. Baba hakuwahi kumfundisha mtego wa kuchezea. Mikono ya Everlyn ilijua mtego mmoja tu, ule unaokamata.

Akachukua ufito wa mwanzi uliobaki kwenye tiara iliyovunjika, akaupinda juu ya boksi, akafunga tanzi la uzi wa sufi wa kijani, akaweka kijiti cha kufyatua. Raghad akaandika kibao kwa herufi zilizolala chali: DHAHABU YA BURE. Everlyn akapiga nyayo zake sakafuni, akafunga madirisha, akaenda zake.

Jumatano asubuhi, saa moja na dakika ishirini, mtu mdogo alikuwa akining'inia kwa mguu mmoja kwenye boksi la Raghad. Alikuwa na ndevu nyekundu, koti la kijani lenye viraka vya viwiko, na nyundo ndogo mfukoni. Madam Belinda alimtazama, akaitazama saa yake, akasema wazazi wataanza kuingia saa moja na nusu. "Yalla, Everlyn, mteremshe kabla hajavimba mguu."

Everlyn alimteremsha. Rukiya alitoka jikoni na chai kwenye kizibo cha chupa, akainama.

"Keshakula huyu?"

Alikuwa hajala, na alipopewa mkate na Rukiya aligeuza uso. Akapewa na Madam, akageuza uso. Everlyn alipommegea, alikula. Ndivyo walivyo watu hao. Hula kwenye mkono uliowakamata, basi.

Jina lake lilikuwa refu na Madam hakuliweza, kwa hiyo akaitwa Ronny. Alitia saini karatasi iliyoandikwa Kiarabu na Kiingereza. Kofia yake ilivuliwa ikawekwa kwenye sefu ya ofisini, pamoja na pasipoti za wafanyakazi wote, kwa usalama. Bila kofia, Ronny alieleza, mtu kama yeye hawezi kuvuka kizingiti cha mlango wowote, hata ukiwa wazi. Madam alisema hilo halina shida kwa kuwa kazi yake ni ya ndani. Akapewa meza ya chini karibu na vitabu vya picha, na rafu ya juu ya kabati la rangi iwe mahali pa kulala.

Alhamisi, siku ya Mtakatifu mwenyewe, wazazi walikuja na simu zao wakampiga picha akishona kiatu cha mdoli. Walikubaliana kwamba ni wazo zuri sana na kwamba chekechea nyingine hazijitumi namna hii. Madam alisimama mlangoni na kofia ya sahani kichwani, akipeana mikono. Saa sita, watoto walipokuwa wakipiga muhuri majani yao ya mwisho ya hoho, simu ya Everlyn ilitikisika kwenye aproni. Alikuwa ndugu yake, Onesmus.

"Dada, mzee ametuacha. Ameanguka tu hapo shambani kwa jirani, fito bado ziko mkononi."

Everlyn aliketi kwenye kiti cha mtoto.

"Tunazika Saturday ya wiki ijayo," Onesmus akaendelea. "Wazee wamesema tukungoje. Wewe ndio wa kwanza, wewe ndio wa kutupa mchanga wa kwanza. Si utakuja?"

"Nitakuja."

"Kweli, Everlyn? Miaka minne unasema utakuja."

"Nimesema nitakuja, Onesmus."

Alilia chooni kwa muda wa wimbo mmoja wa watoto, ule wa kupiga makofi, kisha akajikaza kisabuni akatoka. Rukiya alimwona macho, akamshika bega, na yeye ndiye aliyekwenda kuwapangusa watoto mikono siku hiyo.

Madam Belinda alisikitika. Lazima isemwe kwamba alisikitika kweli. Aliinuka akamkumbatia, na machozi yalimlengalenga. Akasema baba ni baba. Kisha akaketi, akasema kwamba mwisho wa mwezi kuna sherehe kubwa ya wazazi wapya, watoto arobaini, na kwamba Ronny mmoja hatoshi. Watoto watamgombania, wataumizana. Akauliza kama wanaweza kupatikana wengine watano.

"Unipatie watano, Everlyn, na Ijumaa unapanda ndege. Pasipoti nitakupa mimi mwenyewe, kwa mkono wangu huu."

Everlyn akasema, "Sawa, madam." Watano si wengi. Baba yake aliwahi kutoa tisa kwenye shamba moja kwa siku mbili, huku mwenye shamba akiwa bado anabishana kwamba ni panya.

Ijumaa alitega mitego mitano, yote yenye kibao cha dhahabu. Jumamosi na Jumapili alikuja kutoka International City kumlisha Ronny, na mitego ilikuwa mitupu. Jumatatu ilikuwa mitupu. Aliikagua kamba, akabadilisha fito, akasogeza maboksi karibu na dirisha ambako harufu ya mtaa huingia. Jumanne asubuhi ilikuwa mitupu, na tikiti aliyoshikiwa kwa wakala wa ndege wa Deira ilikuwa ya Ijumaa. Alikuwa na siku tatu. Akachuchumaa kando ya meza ya Ronny, akammegea mkate.

"Mbona wenzako hawaingii?"

Ronny alitafuna kwanza. Alikuwa mtu wa taratibu na hakuongea na chakula mdomoni. "Ile ya dhahabu tumeshaambiana," alisema. "Sasa hivi hakuna anayeiamini."

"Na wewe uliiamini?"

"Iliandikwa," Ronny akasema, akarudi kwenye kiatu chake.

Everlyn alibaki amechuchumaa mpaka miguu ikafa ganzi. Alikuwa akiukumbuka ukuta mmoja wa Nairobi, kando ya duka la kutoa nakala, ambapo karatasi ilikuwa imebandikwa kwa gundi nyingi. Aliisoma mara tatu siku ile, akainakili kwenye kiganja kwa kuwa hakuwa na daftari. Kila neno la karatasi ile bado alikuwa nalo. Jioni hiyo, watoto walipokwisha kuchukuliwa, alikata vibao vipya vitano, akaandika kwa kalamu ya wino mweusi na mwandiko wake mzuri: KAZI IPO. MALAZI, CHAKULA NA USAFIRI BURE. HAKUNA UZOEFU UNAOHITAJIKA. Aliandika akijua anachokiandika. Mkono haukumtetemeka, na jambo hilo lilimuumiza baadaye kuliko lingine lolote.

Jumatano asubuhi maboksi yote matano yalikuwa na watu. Walining'inia kimya, kila mmoja kwa mguu wake. Mmoja alikuwa na begi la ngozi lililofungwa kamba, mwingine alikuwa amevaa shati safi na kuchana nywele kwa maji. Alipowateremsha, yule mwenye shati safi alinyoosha nguo zake kwanza, akauliza kwa adabu mwajiri ni yupi na malazi yako wapi.

Everlyn alimwonyesha rafu ya juu ya kabati la rangi.

Yule mtu akaitazama rafu. Akawatazama wenzake wanne, kisha akamtazama Ronny, ambaye walijuana naye. Walitia saini, wakavua kofia wakamkabidhi Madam moja baada ya nyingine, naye akawashukuru wote kwa majina mapya ambayo alikuwa amekwisha kuyapanga. Siku nzima Ronny hakumwangalia Everlyn usoni. Alifungua mdomo kwa ajili ya mkate na akaufunga. Everlyn aliona aibu, na bado, alipojiuliza, alijua kwamba kama maboksi yangekutwa matupu angetega tena.

Alhamisi ilikuwa siku ya kumfundisha Rukiya kuwalisha. Rukiya alivaa aproni ya Everlyn. Kisha akavaa glavu ambayo Everlyn alikuwa ameilalia usiku uliopita ili ishike harufu. Akajaribu mkate, wali, biskuti ya maziwa, tende. Kufika alasiri yule mwenye shati safi alianguka kwenye rangi ya maji akazimia, na ilibidi Everlyn akimbie kumtia uji mdomoni kwa kijiti cha masikio.

"Mkono wangu hawautaki, shoga," Rukiya alisema. "Nimewabembeleza, nimewasomea na dua, patupu."

"Jaribu tena kesho asubuhi."

"N'tajaribu. Lakini wewe mwenyewe waona."

Ijumaa saa nne Madam Belinda alimwita ofisini. Mlango wa sefu ulikuwa wazi na pasipoti ya Everlyn ilikuwa mezani, ile ya buluu, na kona yake iliyokunjika tangu Nairobi. Madam alikuwa ametimiza neno lake. Aliisukuma kidogo kwa kidole kuelekea upande wa Everlyn, na Everlyn akaweka kiganja juu yake. Alikuwa na begi dogo jikoni, limefungwa, na ndani yake leso mpya ya kumfunikia baba.

"Rukiya ananiambia kwamba hawali," Madam alisema.

"Watazoea, madam."

"Siku ngapi?"

Everlyn hakujua. Baba yake hakuwahi kuwafuga fuko.

"Wewe ukienda siku tano, watakufa wote sita," Madam alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole, ile aliyoitumia kwa watoto walioangusha maziwa. "Wamekuja hapa kwa sababu yako. Siwezi kukuruhusu ukabebe jambo kama hilo moyoni, Everlyn. Huwezi kutaka hivyo."

Everlyn hakutaka hivyo. Hilo ndilo lililokuwa baya. Alisimama na kiganja juu ya pasipoti, akatafuta ndani yake jibu lenye baba upande mmoja na wale sita upande mwingine, na kila alipofika mwisho alikuta mkono wake mwenyewe ukifunga tanzi. Baada ya muda aliondoa kiganja. Madam aliichukua pasipoti akairudisha kwenye sefu, juu ya kofia sita za kijani, akafunga.

"Pasaka ikipita tutaona," alisema, akimpangusa Everlyn chozi kwa karatasi laini. "Hivi, sungura unaweza kuwatega?"

Everlyn akasema sungura anawaweza.

Alimpigia Onesmus simu kutoka jikoni. Nyuma ya Onesmus walisikika watu wakipigilia turubai.

"Nitawaambia nini wazee?"

"Waambie niko kazini."

"Kazini." Onesmus alipumua. "Sawa, dada. Nitakushikia simu uone. Uwe na bando."

Jumamosi chekechea ilikuwa imefungwa, na Everlyn aliingia kwa mlango wa jikoni kuwalisha. Saa tisa alasiri ya Dubai, saa nane kule nyumbani, aliisimamisha simu kwenye meza ya chini, akaiegemeza kwenye kopo la brashi, akaketi kwenye kiti cha mtoto. Vihiga kulikuwa na mawingu. Watu walikuwa wengi, wengi wao wenye mashamba ambayo Mzee Elphas aliyaokoa, na fito zake zilikuwa zimefungwa pamoja zikalazwa juu ya jeneza. Mchungaji alisema Mzee alikuwa na watoto wawili, mmoja yuko Dubai, na watu wakaguna kwa namna ambayo Everlyn aliielewa.

Wale watu wadogo walikuwa wamekaa kwenye rafu wakingoja chakula. Ronny alikuwa wa kwanza kuteremka. Alishuka kwa ngazi ya vijiti vya aiskrimu, iliyokuwa ya Raghad, akavuka meza, akasimama kando ya simu. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja, yule mwenye shati safi akiwa wa mwisho kwa sababu miguu bado ilikuwa dhaifu. Wakajipanga mstari. Wote sita waliinua mikono vichwani kwa mazoea, wakakuta hakuna kofia za kuvua, wakaishusha.

"Ni nani?" Ronny akauliza.

"Baba yangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kuongea naye tangu Jumanne. Jeneza lilianza kushuka. Picha iliganda, ikarudi, ikaganda tena Onesmus akiwa ameinama, ameshika udongo.

"Alikuwa anafanya kazi gani?"

Everlyn angeweza kusema mkulima. Watu wengi husema hivyo na si uongo.

"Alikuwa mtegaji," alisema. "Yeye ndiye aliyenifundisha."

Hakuna aliyegeuka. Yule mwenye shati safi alitazama mguu wake, pale tanzi lilipoacha alama ya kijani, kisha akainua macho. Picha ikarudi. Sauti ya Onesmus ilitoka nyembamba kwenye simu, ikisema udongo huu wa kwanza ni wa dada yangu Everlyn, ambaye yuko kazini, na udongo ukagonga mbao. Everlyn alisema jina la baba yake mara moja.

Kule Vihiga walifukia kwa muda mrefu kwa maana Mzee alitaka achimbiwe kina kirefu. Wale watu sita walisimama mpaka koleo la mwisho, vichwa wazi, mikono imekunjwa mbele. Kisha simu ikazimika kwa kukosa chaji, wakageuka wote pamoja na kufungua midomo, kwa sababu saa ya kula ilikuwa imepita, na Everlyn akaanza kuwamegea mkate.